Siki, Magadi na Ndimu: Dawa za Kusafishia za Nyumbani Zinapogoma Hapa Lamu

Kwenye ukuta wa ukumbi wetu hapa Mkomani, chini kidogo ya zidaka, yale mashubaka ya ukutani, pana doa lenye ukubwa wa kiganja. Ukipitisha kidole hapo, kinarudi na unga. Nililitia mimi mwenyewe kwa siki na kitambaa, nikijaribu kutoa moshi wa taa. Maelekezo niliyoyafuata yaliandikwa na mtu mwenye kuta za rangi ya plastiki na maji laini ya bomba. Mimi nina ukuta wa matumbawe na chokaa, na kisima chenye maji ya chumvichumvi. Malalamiko mengi ninayoletewa na majirani kuhusu dawa za kusafishia za kujitengenezea yanaanzia hapohapo.

Nimeyapanga kwa dalili, jinsi watu wanavyozisema. Chini ya kila dalili, sababu inayotokea sana ndiyo ya mwanzo. Dalili ya kwanza tu haiendi kwa utaratibu huo, maana si ya kusoma polepole.

"Koo linawasha, macho yanatoka machozi"

Toka nje sasa hivi. Acha mlango wazi, na usirudi kuchukua ndoo.

Umechanganya klorini, yaani ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe ambayo wengi tunaiita jiki, na kitu kisichopatana nayo. Mara nyingi ni siki au ndimu: asidi huifukuza klorini kutoka kwenye maji ikawa gesi. Mara nyingine ni dawa ya choo ya dukani, ambayo nayo huwa na asidi. Na ipo ya tatu ambayo watu hawaitii akilini: mkojo. Choo ambacho hakijamwagiwa maji, au godoro la mtoto, ukilitia klorini moja kwa moja, amonia iliyomo hutoa gesi nyingine kali vilevile. Spiriti pia isikutane nayo.

Kaa penye upepo. Kikohozi kisipotulia, kifua kikibana, au aliyevuta gesi akiwa mtoto, mzee au mwenye pumu, mpeleke hospitali. Maziwa hayasaidii kitu hapa, hata kama shangazi zako wote watakuambia unywe.

"Sabuni haitoi povu, na sakafu inabaki na utando mweupe"

Shangazi yangu wa Langoni alinipigia simu kuniambia sabuni ya maji niliyompa "imefariki". Kwangu ilikuwa na povu, kwake imegeuka kama maji ya kuoshea mchele. Nilipofika nikakuta ameizimua kwa maji ya kisima cha uani.

Maji ndiyo sababu ya kwanza, na sababu ya pili iko nyuma yake sana. Maji ya visima vyetu yamekaa kwenye mawe ya matumbawe yakajaa kalsiamu, na bahari nayo ikayatia chumvi. Sabuni ya kipande ikikutana na kalsiamu hushikana nayo, ikawa kitu cheupe kisichoyeyuka. Huo ndio utando. Kuongeza sabuni kunaongeza utando.

Kabla ya kulaumu sabuni, fanya jaribio hili. Chukua chupa mbili zinazofanana, moja utie maji ya kisima, nyingine maji ya mvua ya jabia, yaani hodhi la kuhifadhia maji, au ya tangi. Kila moja itilie kipande cha sabuni kama punje ya kunde, utikise mara ishirini. Ya mvua ikifurika povu na ya kisima ikabaki na maji meupe yenye vipande vinavyoelea, jibu umelipata.

Dawa yake ziko tatu, na mimi hufuata mpangilio huu. Ya kwanza ni kutengeneza sabuni kwa maji ya mvua: gramu 100 za sabuni ya kipande iliyokunwa kwa lita 2 za maji, juu ya moto mdogo mpaka iyeyuke, bila kuchemka. Ikipoa ikaganda kama uji, haijaharibika. Ongeza maji ya moto nusu lita ukoroge. Ya pili, kama mvua hakuna, ni kuyalainisha maji ya kisima kwanza kwa magadi: kijiko kimoja cha chakula kwa ndoo ya lita 10, koroga, subiri robo saa, kisha chota ya juu na kuacha unga uliotua chini. Ya tatu ni kutumia sabuni ya mafuta ya nazi. Sabuni hiyo hutoa povu hata kwenye maji ya bahari, na mabaharia walijua hivyo kabla yetu sisi wa jikoni.

Kama maji ni mazuri na utando bado upo, basi sabuni ilikuwa nyingi na haikusuuzwa. Pitisha kitambaa cha maji matupu mara mbili. Ikishindikana tena, jaribu kipande kingine cha sabuni, kwani vya bei ya chini sana vingine vimejazwa unga usiosafisha chochote.

Utando ulioshika tayari unategemea sakafu. Vigae vinavyong'aa vitakubali kikombe kimoja cha siki kwa vikombe vinne vya maji: dakika tano, kisha suuza. Terazo (sakafu ya saruji yenye vipande vya marumaru), saruji na sakafu ya chokaa havitaki siki hata tone. Huko tumia maji ya uvuguvugu yenye magadi na brashi, na subira.

"Nimechanganya sabuni na siki, imekatika kama tui"

Hili naletewa karibu kila wiki, na chupa yenyewe mkononi: juu pana mafuta meupe yaliyogandamana, chini maji.

Sababu ni moja tu. Sabuni hutengenezwa kwa mafuta yaliyofungwa na kitu kikali cha magadi. Siki huja kuyafungua, mafuta yanarudi kuwa mafuta. Hakuna kukoroga kutakakoyarudisha, kama tui lililokwisha kukatika. Mwaga, uoshe chupa kwa maji ya moto, na safari ijayo uvitumie kwa zamu: sabuni kwanza, suuza, ndipo siki kama sehemu hiyo inaihitaji.

Ndugu yake ni ule mchanganyiko wa siki na soda ya kuokea unaopendwa kwa sababu unatoa povu la kupendeza machoni. Povu hilo ni hewa ya kaboni inayotoka huku nguvu za vyote viwili zikiishia hapohapo. Kinachobaki kwenye ndoo ni karibu maji ya chumvi. Ukiufungia kwenye chupa, chupa hupasuka. Ya jirani yangu mmoja iliruka kifuniko usiku wa manane, watu wakadhani ni wezi.

Kama soda yako haisugui wala haiondoi harufu kwenye friji, soma pakiti vizuri. Huenda ulinunua ile poda ya kuumulia keki, ambayo tayari ina asidi na wanga ndani yake. Sufuriani itaacha gundi.

"Ukuta unatoa unga, plasta inabanduka"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sabuni mbovu hutupwa, lakini plasta ya miaka mia mbili ikishaliwa hairudi.

Sababu ya kwanza ni asidi: siki, ndimu, ukwaju, hata maji ya maganda ya machungwa. Plasta yetu ni chokaa, na mawe yaliyo nyuma yake ni matumbawe. Vyote viwili huyeyuka kwenye asidi. Kama huna hakika ukuta wako ni wa nini, tia tone moja la siki nyuma ya mlango, mahali pasipoonekana, uweke sikio karibu. Ukisikia mchirizo mwembamba na kuona vipovu, hiyo ni chokaa inayoyeyuka. Futa kwa maji haraka, na siki usiilete tena upande huo wa nyumba. Jaribio hilihili lifanye kwenye meza ya marumaru na kwenye terazo.

Sababu ya pili ni maji mengi. Ukuta wa chokaa hunywa. Ukiuosha kwa ndoo, unalowa mpaka ndani, na unapokauka huisukuma chumvi ije juu. Chumvi hiyo hujitengenezea punje chini ya plasta na kuisukuma nje. Unachokiona asubuhi, ule unga mweupe kama sukari laini, ni chumvi, na ukiionja kwa ncha ya ulimi utaitambua. Usiioshe. Maji yataiyeyusha na kuirudisha ndani. Isugue ikiwa kavu kwa brashi laini, tandika gazeti chini, na ulichokusanya kitupe nje. Rudia kila wiki mpaka ipungue.

Sababu ya tatu ni chumvi inayopanda kutoka ardhini au kwenye mchanga wa bahari uliotumika kujengea. Dalili yake ni mstari wa unyevu unaofika kiunoni na kuishia hapo. Ya nne, na hii inaniudhi kuliko zote, ni saruji iliyopakwa juu ya chokaa na fundi mwenye haraka. Saruji hufunga unyevu usitoke, nao hutafuta njia upande wa pili. Ya tano ni bomba linalovuja, la kwako au la jirani mnayechangia ukuta. Hakuna dawa ya ndoo kwa hizo tatu.

Alama ya mafuta au moshi kwenye ukuta wa chokaa itoe kwa mkate mkavu au kitambaa kikavu kwanza, halafu kwa kitambaa kilichokamuliwa sana cha maji ya sabuni ya nazi. Isipotoka, ipake chokaa juu. Babu zetu hawakusugua kuta, walizipaka upya.

Ukungu mweusi unaoota wakati wa masika una kanuni zake. Vaa barakoa, futa kwa kitambaa chenye sabuni, acha pakauke, kisha pitisha spiriti ya asilimia 70 kwenye sehemu ndogo, bila moto wala sigara karibu. Fungua madirisha, vuta kabati mbali na ukuta. Koti jipya la chokaa husaidia sana maana ukungu hauipendi, lakini chokaa mbichi huunguza: vaa glavu na miwani, na ikiingia jichoni, mwaga maji safi kwa dakika 20 bila kuacha, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepungua.

Acha na uite mtu ukiona haya: ukungu umezidi mita moja ya mraba au unarudi kila baada ya wiki mbili, plasta imevimba, na ukiigonga inatoa sauti ya debe tupu, boriti inaingia kidole. Mwite fundi wa chokaa, siyo fundi yeyote mwenye mwiko. Na ndani ya Mji wa Kale, ambao uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, pitia kwanza ofisi ya Makumbusho kabla hujabandua kitu. Wana watu wanaojua kuta hizi.

"Shaba imegeuka nyekundu"

Maulidi yakikaribia, sinia na mirashi yote hutolewa makabatini, na ukwaju hupanda bei. Ukwaju ni dawa nzuri kweli. Asidi yake hula kutu ya kijani na weusi wa upepo wa bahari. Tatizo ni watu kuupaka na kwenda sokoni. Shaba ya manjano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, na asidi ikikaa sana hutoa zinki, ukabaki na wekundu kama wa sarafu ya zamani. Dakika tano zatosha, kisha osha kwa sabuni, suuza, kausha mpaka kwenye mikunjo.

Kama wekundu umeshatokea, sugua polepole kwa majivu laini yaliyochekechwa na mafuta kidogo. Wekundu mwepesi huondoka. Mzito hauondoki, na kuendelea kusugua kunafuta nakshi.

Kabla ya yote, bandika sumaku. Ikishika, hiyo ni chuma kilichopakwa shaba juu, na ukwaju utakivua nguo. Kitu cha urithi chenye maandishi au nakshi nyembamba kifute kwa kitambaa kikavu tu, uache weusi wake.

Sufuria ya alumini iliyogeuka nyeusi ni jambo jingine, jepesi: uliichemshia magadi. Magadi na alumini havipatani. Chemsha humo maji yenye vipande vya ndimu kwa dakika kumi, weusi utapungua. Kandirinya yenye magamba meupe ndani, hayo ni ya maji ya kisima; chemsha siki na maji nusu kwa nusu, acha nusu saa, mwaga, chemsha maji matupu mara moja. Ya alumini usiiachie siki ilale humo.

"Mikono imetoka mabaka na malengelenge"

Watu hulaumu magadi, na kweli magadi na maji ya majivu hukausha ngozi mpaka ikapasuka. Suuza sana, paka mafuta ya nazi, na siku nyingine vaa glavu.

Lakini kama uliyashika maji ya ndimu kisha ukatoka kuanika nguo juani, sababu ni ndimu yenyewe. Ngozi yenye maji ya ndimu ikipigwa na jua huungua. Haionekani saa ileile, hutokea siku ya pili, nyekundu na kuwasha, wakati mwingine na malengelenge. Halafu hubaki madoa ya kahawia kwa wiki kadhaa, yenye umbo la mchirizi au la vidole. Mtoto wa ndugu yangu alikuwa na alama kama ya kofi mkononi, mwalimu akauliza nani amempiga. Alikuwa ameshikwa na mkono wenye ndimu.

Kamua na usafishie ndani, nawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, ndipo utoke. Malengelenge makubwa au yaliyo usoni yapeleke kwa daktari, wala usiyatumbue.

"Siki ya maganda imeota kuvu"

Maganda ya machungwa uliyoloweka yalielea juu ya siki. Yakandamize kwa kijiwe safi, yafunikwe kabisa, chuja baada ya wiki mbili. Yenye utando mwembamba mweupe usio na manyoya ni mama wa siki, hana neno. Yenye manyoya ya kijani au meusi, tupa yote.

Maji ya ndimu matupu hayawekwi. Yatumie siku hiyohiyo.

"Sinki bado limeziba"

Soda na siki havizibui. Nywele na mafuta ya samaki havijui povu. Toa kichujio, vuta kwa waya, tumia pampu ya mpira, kisha maji ya moto yenye sabuni, yasiyochemka kama bomba ni la plastiki. Ukiona maji yanapanda kwenye choo unapomwaga jikoni, mwite fundi bomba, maana tatizo liko chini ya nyumba. Na kama kuna mtu alikwisha mwaga dawa kali ya kuzibulia, mwambie fundi kabla hajaingiza mkono.

"Nasafisha kila siku, na bado watu wanaharisha"

Siki husafisha, haiui vimelea vyote. Ndimu vivyo hivyo. Dawa isiyo na sumu kali ni nzuri kwa vumbi, mafuta na madoa, lakini nyumba yenye mgonjwa wa kuharisha au kutapika inataka klorini kwenye choo, kwenye ndoo na mahali palipomwagika, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, baada ya kuosha kwa sabuni na kusuuza. Angalia pia kisima kama kiko karibu na shimo la choo. Kuna mitaa yetu ambako viwili hivyo vimekaribiana mno. Chemsha maji ya kunywa. Kuharisha maji matupu kama ya mchele ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni kwa mashua ya usiku.

"Samaki wa birika wamekufa"

Nasema birika la kuogea lililojengwa ukutani, lile tunalotia samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Sababu ya kwanza ni kata yenye sabuni iliyochovywa humo. Sabuni yoyote, hata ya nazi, huharibu mashavu ya samaki wanakopumulia. Ya pili ni klorini iliyorukia kutoka sakafuni. Ya tatu ni mafuta ya karafuu au mchaichai yaliyotiwa kwenye dawa ya sakafu kwa ajili ya harufu. Hayachanganyiki na maji, na hufika kokote. Mafuta hayohayo ni hatari kwa paka, na Lamu paka wako kila ngazi. Hulamba nyayo zao baada ya kupita sakafuni. Paka anayetoa udenda na kuyumba mwoshe miguu kwa maji na umtafutie daktari wa mifugo. Usimpe kitu cha kutapisha.

Birika lenyewe litoe maji yote, sugua kwa makumbi na maji matupu. Siki usitie, ndani ni chokaa. Jaza, acha siku mbili, kisha tia samaki mmoja kwanza. Wangu wa safari hii ana wiki tatu, na kata ya sabuni sasa inaning'inia upande wa pili wa mlango, juu, ambako watoto hawafiki.